Kabla hujagusa skrubu ya zero, shika leva

Mafundi wenzangu, na hasa nyie vijana mlioanza juzi juzi kushika spana kwenye valvu za kontroli, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa niongee kuhusu pozishona, kile kifaa kinachopokea signali na kuipeleka valvu mahali signali inapotaka, namna ya kuifunga na namna ya kuiset, na nitaingia moja kwa moja kwenye kazi manake nataka zibaki dakika za kutosha pale kwenye valvu ya mazoezi.

Ninalo jambo moja kubwa na mengine yote yanatoka humo. Pozishona haioni valvu. Haijui kama plagi, ile inayoziba njia, imekaa kwenye siti yake, haijui kama maji yanapita au hayapiti, haijui chochote kinachoendelea ndani ya bomba. Inachokijua ni leva tu, ule mkono mdogo unaoshikwa na pini iliyofungwa kwenye stemu, yaani fimbo ya valvu inayobeba plagi. Leva ikisema tuko nusu, pozishona inaamini tuko nusu. Sasa leva ikiwa imelegea, au imefungwa kwenye alama isiyo yake, au pini inacheza ndani ya sloti, pozishona itafanya kazi kwa bidii zote juu ya habari ya uongo, na we utakuja na bisibisi yako uanze kuzungusha skrubu ya zero, ile inayoweka mwanzo wa safari, skrubu ya watu haina kosa.

Tuangalie kidogo inavyofanya kazi, kwa haraka, wengi mnajua. Chukua ile ya zamani ya hewa tupu kwa sababu ukiielewa ile hizi za kisasa hazikusumbui. Signali inaingia psi 3 mpaka 15, yaani bar 0.2 mpaka 1. Psi 3 ni asilimia 0, psi 9 ni katikati, psi 15 ni asilimia 100. Signali inajaza kamfuko ka chuma kanakotanuka, kanasukuma fimbo, fimbo inasogeza flapa karibu na nozeli, hewa inayotoka kwenye nozeli inabanwa, presha nyuma yake inapanda, rilei inaihisi hiyo presha na inafungulia hewa nyingi iende kwenye aktueta, sehemu inayoisukuma stemu. Stemu inasogea. Ikisogea inavuta leva, leva inavuta springi au inazungusha kamu, na ile springi inairudisha fimbo mpaka nguvu mbili zilingane. Hapo stemu inasimama. Kwa hiyo ni mizani, upande mmoja signali na upande wa pili leva. Ya kisasa inapokea miliampia 4 mpaka 20, ina sensa badala ya springi na kijikompyuta badala ya fimbo, lakini mizani ni ile ile na upande mmoja wa mizani bado ni leva.

Na kabla sijasahau, kwa nini ianzie 4 na sio 0? Waya ukikatika inasoma 0, kwa hiyo unajua papo hapo kwamba huu ni waya umekatika na sio amri ya kufunga. Psi 3 nayo ni vile vile.

Niwaambie kilichonifundisha. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kiwanda kimoja, kuna valvu inashikilia kimo cha maji kwenye tangi, na kile kimo kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka, hakitulii. Opereta wakasema ni tyuning ya kontrola, mhandisi akapunguza geini, yaani ukali wa kontrola, ikapungua kidogo ikarudi. Mimi nikasema pozishona imechoka, nikaomba mpya, nikafunga mpya, nikaikalibreti vizuri kabisa, nikasaini karatasi nikaondoka. Siku mbili baadaye naitwa, hali ni ile ile. Nikabadilisha tena nikidhani ile mpya ina kasoro ya kiwandani. Siku hiyo ya pili wakati nafungua nikaegemea kwa bahati ile kleampu inayoshika pini kwenye stemu, nikaiona inacheza. Stemu imetulia tuli na pini inasogea chini juu, kama milimita mbili. Nati ya kufungia ilikuwa imelegea na mtikisiko ukaiendeleza. Na stroki, yaani safari nzima ya stemu, ya ile valvu ilikuwa milimita 20! Milimita mbili kwenye ishirini ni asilimia kumi. Asilimia kumi nzima pozishona haijui stemu iko wapi. Tumekaa wiki na zaidi na tangi linahangaika, pozishona mbili zimetolewa zikiwa nzima, kwa sababu ya nati ambayo ningeigusa kwa vidole viwili siku ya kwanza ningeisikia. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza nikifika kwenye valvu yoyote naweka mkono kwenye leva, naitikisa taratibu huku naangalia stemu. Sigusi kingine mpaka nimemaliza hapo.

Sasa kufunga kwenyewe. Braketi kwanza. Braketi iwe ngumu na bolti zote ziwe zimekazwa, usiweke bolti mbili penye nne eti zingine utaleta kesho, manake bomba linatikisika na braketi laini inatikisika zaidi ya bomba. Kwenye valvu za stemu inayopanda na kushuka kuna kiwango cha kimataifa cha kufungia, IEC 60534-6-1, na kwa zile za kuzunguka robo duara kuna VDI/VDE 3845 ambayo wengi wetu tunaiita tu namuri. Faida yake ni kwamba pozishona ya kampuni moja inakaa kwenye aktueta ya kampuni nyingine bila kuanza kutoboa mashimo ya kubahatisha.

Ukishaweka braketi, peleka valvu katikati. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Katikati ya stroki, asilimia 50, leva iwe imekaa pembe mraba na stemu. Stemu imesimama wima, leva imelala sawa sawa na ardhi. Unaipelekaje katikati wakati pozishona haijaset bado? Unachukua hewa kutoka kwa regyuleta ya mkono, unaiingiza moja kwa moja kwenye aktueta, unapandisha polepole huku unasoma skeli ya valvu mpaka inasoma 50, unaacha pale. Ndipo unafunga pozishona na kukaza pini. Sababu ni hii: leva inazunguka kwa duara na stemu inakwenda kwa mstari ulionyooka. Karibu na katikati hivyo viwili vinakubaliana, ukienda mbali vinaanza kutofautiana. Ukianzia na leva iliyoinama tayari upande mmoja, basi huko mwisho wa stroki inakuwa imezunguka kupita kiasi, na utashangaa mbona asilimia 25 imekaa sawa lakini 75 imekosea.

Leva ina alama, nyingi zimeandikwa kwa milimita. Stroki ya valvu yako ni 20, pini inakaa kwenye 20. Nimekuta watu wameweka pini popote inapoingia kirahisi. Ukiiweka mbali sana kutoka kwenye shafti ya pozishona, leva inazunguka kidogo mno, sensa inaona kipande kidogo tu cha safari na speni, yaani urefu wa safari kutoka asilimia 0 mpaka 100, inakataa kufika. Ukiiweka karibu sana inazunguka mno, mpaka inagonga mwisho wake kabla valvu haijafika mwisho wa kwake, na hapo unaweza kuvunja kitu.

Alafu kuna kaspringi kembamba kwenye leva, ka waya tu, watu wengi hawakaoni kabisa. Kazi yake ni kuibana pini upande mmoja wa sloti ili isicheze. Pini ipite kati ya springi na ukingo wa sloti, sio nje ya springi. Ukiiweka nje, kila stemu ikibadilisha mwelekeo kuna kipande cha safari ambacho leva haisogei, na hiyo ni ile ile asilimia yangu kumi kwa sura nyingine. Mafundi huwa wanaifungua wakati wa kufunga braketi, inaruka, wanaendelea na kazi, na inabaki hivyo miaka.

Kwa zile za kuzunguka, jambo ni senta. Shafti ya pozishona na shafti ya aktueta ziwe kwenye mstari mmoja. Zikipishana hata kidogo, shafti inabanwa upande, inakwaruza, bushi inaliwa. Funga bolti za braketi kwa mkono kwanza, zungusha valvu mwanzo mpaka mwisho, iache ijitafutie nafasi yake, ndipo ukaze.

Hewa. Ile nozeli niliyowaambia, nafasi kati yake na flapa ni ndogo sana, sehemu ndogo ya milimita, na kabla yake kuna orifisi yenye kitundu ambacho punje moja ya kutu inakiziba. Kiwango cha ISA-7.0.01 kinataka hewa ya instrumenti isiwe na vumbi la zaidi ya mikroni 40, mafuta yasizidi sehemu moja kwa milioni, na joto la umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa unaanza kugeuka maji, liwe angalau nyuzi 10 za Selsiasi chini ya joto la chini kabisa ambalo mabomba yako yatakutana nalo. Hii ya mwisho inapuuzwa sana. Mchana hewa inaonekana kavu, usiku baridi ikishuka maji yanajikusanya kwenye tyubu, asubuhi valvu ni nzito na mchana imepona yenyewe, na watu wanaiita valvu yenye hila. Ni maji tu.

Kabla hujaunganisha tyubu, ipulize. Fungua hewa ipite kwa nguvu, elekeza mahali hakuna mtu, vaa miwani, na acha ipite mpaka uwe na hakika, sio sekunde moja. Kwenye tyubu mpya kuna vichipsi vya kukatia, kwenye tyubu ya zamani kuna kila kitu. Na ile tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za fitingi, acha nyuzi mbili za mbele wazi. Ukiizungusha mpaka mdomoni, ukikaza inajikata vipande, vipande vinasafiri na hewa na vinaenda kukaa palepale kwenye orifisi. Nimetoa vipande vya tepu kwenye orifisi mara nyingi kuliko uchafu wa aina nyingine yoyote. Ukimaliza kuunganisha paka maji ya sabuni kila jointi, usitegemee masikio, kiwandani kuna kelele.

Presha ya sapulai isome kwenye bamba la aktueta. Kama springi yake ni ya psi 3 mpaka 15, sapulai ya psi 20 inatosha, kama ni 6 mpaka 30 unaweka 35. Laini kuu ya hewa inaweza kuwa na bar 6 au 7, na diaframu ya aktueta nyingi haikutengenezwa kwa hiyo presha, kwa hiyo filta regyuleta sio urembo. Rudisha ile skrubu ya regyuleta mpaka ilegee kabla hujafungua hewa, ndipo upandishe taratibu huku jicho liko kwenye geji.

Waya nitapita haraka. Plas na mainasi zikae mahali pake, gilandi ikazwe, kebo ipinde chini kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke yasifuate kebo mpaka ndani, na tundu lisilotumika lifungwe kwa plagi ya chuma, ile ya plastiki ya usafirishaji ni ya usafirishaji. Tundu la kutolea hewa lielekee chini. Usije ukachomeka volti 24 moja kwa moja kwenye terminali za signali ili tu uone kama inawaka, hii mashine inataka mkondo uliodhibitiwa, tumia jenereta ya miliampia. Na kama unataka kuongea nayo kwa HART, ile lugha ya kidijitali inayopita kwenye waya ule ule wa signali, lazima kuwe na ukinzani kwenye lupu, kawaida ohm 250, bila hivyo kifaa chako cha mkononi kitatafuta tu na hakitaona kitu.

Sasa ndio tunashika bisibisi, na mmeona tumechelewa kiasi gani kufika hapa, na ndivyo inavyotakiwa. Ingiza miliampia 4, rekebisha zero. Ingiza 20, rekebisha speni. Rudi 4, utakuta zero imehama, kwa sababu hizo skrubu mbili zinavutana, ukigusa moja nyingine inasogea. Rudia. Mara tatu nne inatulia. Kama umerudia mara kumi na haitulii acha, rudi kwenye leva, pembe haiko sawa.

Kuna mtego kwenye zero nautaja kwa sababu umenasa wengi. Kwa valvu inayofunguka kwa hewa, kwenye 4 plagi imekaa kwenye siti, haiwezi kwenda chini zaidi. Kwa hiyo unaangalia stemu, iko chini, unasema zero tayari. Lakini labda zero yako imeshuka mbali sana na stemu itaanza kunyanyuka kwenye 5, na hutaona tofauti yoyote ukiwa pale kwenye 4. Dawa yake, panda pole pole kutoka 4 na utazame stemu inaanza kusogea wapi. Mi napenda kwenye 4 hewa yote iwe imetoka aktueta na springi inakandamiza kwa nguvu zake zote, alafu kwenye 4.1 hivi stemu inaanza kupumua. Hapo valvu inafunga kweli, haivuji, haikwaruzi siti.

Ukishapata ncha mbili pima katikati. 4, 8, 12, 16, 20, kisha rudi 16, 12, 8, 4. Kwa stroki ya milimita 20 unategemea 0, 5, 10, 15, 20. Na tafadhali pima kwa rula au kalipa kwenye stemu yenyewe. Usisome skrini ya pozishona ukaandika kwenye karatasi, manake skrini inakusomea leva, na leva ndiyo tunayoipima! Skrini inaweza kusema 50.0 na stemu iko 44. Tofauti kati ya kupanda na kushuka pia iandike, ikiwa kubwa kuna kitu kinacheza au pakingi, ile inayozuia stemu isivuje, imebana.

Hizi za kisasa zina autokalibresheni, unabonyeza kitufe inajiset yenyewe dakika chache. Ni kitu kizuri, naitumia kila siku. Ila ijueni. Itatafuta ncha mbili za safari, itapima msuguano, itachagua geini, na yote hayo itayafanya kwa kupitia leva ile ile. Leva ikiwa imekosea, itaukalibreti ule ukosefu na kukuandikia kwamba imefanikiwa.

Na hapa nataka utulivu kidogo. Autokalibresheni inaipeleka valvu kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, mara kadhaa, bila kukuuliza na bila kujali nini kiko kwenye bomba. Valvu ya mvuke itafunguka yote. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, umeongea na kontroli rumu, lupu iko manyuo, yaani inaendeshwa kwa mkono, valvu za pembeni zimefungwa, baipasi inashikilia mchakato, na umeyaona hayo kwa macho yako, sio umeambiwa kwenye redio. Vidole vitoke kwenye yoki, ile fremu inayounganisha aktueta na valvu. Ile nafasi kati ya stemu na yoki inaonekana kama mahali pazuri pa kushikia, na aktueta ina nguvu ya kukata kidole na haisiti. Na kifuniko cha aktueta yenye springi hakifunguliwi kwa sababu tu hewa imetolewa, springi bado imebanwa mle ndani inasubiri, fuata kitabu chake bolti kwa bolti.

Ikiharibika baadaye, geji tatu zinakusimulia karibu kila kitu. Sapulai, signali, autputi. Sapulai imeshuka kila valvu ikisogea, filta imeziba au tyubu ni nyembamba. Signali ipo na autputi haipandi, orifisi imeziba au kuna diaframu ya rilei imepasuka. Autputi imepanda na stemu haijasogea, shida haiko kwenye pozishona, iko kwenye valvu. Hiyo ya mwisho ihakikishe: iweke pozishona pembeni, leta regyuleta ya mkono, lisha aktueta moja kwa moja, pandisha polepole. Stemu ikienda laini, valvu ni nzima. Ikikaa, ikakaa, alafu ikaruka, pakingi imebana au stemu imekwaruzika, na hakuna pozishona duniani itakayolainisha hiyo. Ikiwa valvu inacheza juu chini bila kutulia kwenye signali isiyobadilika, shika leva kwanza, ndipo uangalie geini na dampingi.

Kitu cha mwisho kabla ya kuondoka kwenye valvu, mkiwa na watu wa uendeshaji, kata hewa. Tazama inaenda wapi. Irudishe, kata signali, tazama tena. Mchoro unasema ifunge, ifunge kweli, mbele ya macho ya watu wawili, na iandikwe pamoja na zile namba tano za kupanda na nne za kushuka.

Haya, tusogee pale mezani. Ile valvu nimeifunga mwenyewe asubuhi, imekalibretiwa, skrini inasoma vizuri kabisa, na nimeacha makosa mawili ndani yake kwa makusudi. Dada yangu pale mbele, njoo uanze wewe. Bisibisi iache hapo hapo, weka mkono kwenye leva.